Daku Ndani ya Chupa ya Damu

Mimi si mtu wa kushangazwa. Hilo mliandike kwanza kabla ya mengine. Mtu aliyetazama damu za watu tangu ujana wake, akamwona bwana harusi anakuja kuuliza majibu ya bibi harusi kabla ya kuuliza yake, akaona damu ya tajiri nyepesi kama maji ya kisima na ya fukara nzito kama uji, huyo ashangazwe na nini tena?

Ninyi vijana mnaoshika sindano sasa hapa Morogoro mmeniomba niandike nilikotoka, kwa kuwa nimefunga maabara yangu na nimerudi kukaa nyumbani Bigwa. Nitaandika. Vyeo sitavitaja, maana vyote nilijipa mwenyewe. Mshahara nao sitautaja, kwa sababu aliyekuwa ananilipa ni mimi, na mtu yule alikuwa bahili.

Nimezaliwa mlimani, Uluguru, katika kijiji cha misheni ambako asubuhi ukitoka nje unaona ukungu tu na kusikia kengele. Baba alilima kabichi na karoti. Nilimaliza darasa la saba, na darasa la saba ndilo hilohilo nililonalo mpaka leo. Wenye vyeti vya rangi rangi wamekuja kufanya kazi chini yangu, nikawafundisha, wakaondoka wakijiita wataalamu. Sina kinyongo nao. Nasema tu ijulikane.

Nilishuka na mzigo wa karoti kichwani, nikauza sokoni, sikurudi. Hospitali moja ya misheni ilikuwa inatafuta kijana wa kuosha chupa za maabara. Siku ya kwanza nilipewa karai, sabuni ya kipande, na sindano za kioo ambazo wakati huo tulichemsha na kutumia tena. Nilivunja mbili kabla ya saa nne. Sista aliyekuwa mkubwa wetu hakunigombeza, alivitazama tu vile vigae, akanitazama mimi, akaondoka. Ningependa angenigombeza.

Aliyenifundisha kazi ni Mzee Abdallah. Huyu alikuwa Mwislamu peke yake katika maabara ya masista, mtu wa Kilosa, mwembamba, mwenye kofia iliyofuliwa mpaka ikawa laini kama ngozi. Alinifunga kitambaa machoni, akanipa mkono wake mwenyewe, akaniambia nitafute mshipa kwa kidole. Nilimchoma vibaya mara nyingi. Mkono wake ulivimba, naye anasema, "Tena." Ndiyo maana mpaka naacha kazi, mtoto mchanga aliyewashinda wauguzi wote alikuwa analetwa kwangu. Muulizeni yeyote.

Lakini la Mzee Abdallah ambalo nataka mlishike ni neno moja. Siku moja alikuja mama kutoka milimani kupimwa sukari. Nikiwa na kiherehere cha ugeni nilikuwa nimemwambia jana yake, "Mama, kesho uje umefunga." Akaja. Tukapima, sukari ikapanda mpaka juu. Mzee Abdallah akamuuliza kwa upole, "Mama, shikamoo. Asubuhi umekula nini?" Akajibu, "Marahaba. Nimefunga, baba, sikugusa nyama. Nimekula maharage ya nazi tu, na magimbi, na chai." Ilikuwa Kwaresima. Kwake yeye kufunga ni kuacha nyama.

Mzee Abdallah alinivuta nje. "Wewe Gaspari, neno hilo usilitumie tena kwenye maabara. Ukimwambia Mkatoliki afunge, ataacha nyama. Ukiniambia mimi nifunge, nitakula daku kabla ya adhana nishibe mpaka nishindwe kuinama. Na ukimwambia mtu asiye na dini, atafunga mlango." Akanifundisha kusema: tangu umalize chakula cha jioni, kinywani kisiingie kitu ila maji. Nilisema hivyo maisha yangu yote ya kazi.

Enzi za ruksa zilipokuja, serikali ilipolegeza biashara, vitu vilivyokuwa vimejificha chini ya kaunta vilitoka nje kujianika. Sabuni, vitenge, redio, mitumba. Ruksa ikafika hata kwenye matibabu: mtu binafsi naye akaweza kufungua zahanati, na maabara. Mzee Abdallah alikuwa ameshafariki. Nilinunua hadubini kuukuu ya jicho moja, na mashine ya kuzungusha damu ya kuzungushia mkono, ile unayoibana mezani kama mashine ya kusaga nyama. Nikampata tabibu mstaafu mwenye leseni akakubali jina lake litundikwe ukutani, mimi nikafanya kazi. Chumba kimoja, si mbali na stendi. Walinicheka. Waliocheka baadaye waliniletea mikojo yao.

Hapo ndipo nilipomjua Ramadhani, tuliyemwita Rama. Ruksa ileile iliyonifungulia mlango mimi, yeye ilimfungia. Alikuwa fundi wa mitambo katika kiwanda kimoja cha nguo, Mnyamwezi aliyekuja Morogoro kijana kabisa kufuata ajira. Kiwanda kilipoanza kuandaliwa kuuzwa, watu wakapunguzwa, naye akiwamo. Alichukua kiinua mgongo chake akanunua karai kubwa, viazi na dumu la njano la mafuta ya mawese yaliyotoka ng'ambo, akaanza kukaanga chipsi mbele ya dirisha langu.

Kwa wasiojua, Wanyamwezi na sisi Waluguru ni watani. Si urafiki ule wa kuchekeana. Utani ni haki. Mtani anaingia kwako anachukua kuku, na huna la kusema. Anakutukana mbele ya wakwe zako, unacheka. Siku ya kwanza kabisa Rama aliingia maabara, akatungua koti langu jeupe msumarini, akalivaa, akatoka nalo kwenda kukaangia viazi.

"Mpagazi wewe, rudisha koti langu!" nikamfuata.

"Koti gani? Mla magimbi unajua koti? Kwenu mlimani mnavaa ukungu."

"Nyie mliobeba pembe za ndovu za watu mpaka pwani ndio mnajua nguo?"

"Tulibeba kwa malipo. Nyie mlijificha mapangoni bure."

Wateja walicheka mpaka viazi vikaungua. Nami nikachukua sahani ya chipsi, nikala, sikulipa. Ndivyo ilivyokuwa miaka yote. Sikuwahi kumlipa Rama hata kiazi kimoja, naye hakuwahi kulipia kipimo. Na salamu yetu ya kila asubuhi ilikuwa moja. Mimi nasema, "Hujafa tu?" Naye anajibu, "Nakusubiri utangulie, nikalale kwenye kitanda chako." Mkewe, Mama Zuhura, alizoea akaacha hata kutusonya.

Biashara ilimkubali Rama. Banda likawa kibanda cha bati, kibanda kikawa mgahawa. Naye akanenepa. Miaka ile unene ulikuwa cheti. Mtu aliyepunguzwa kazi kisha akaota kitambi, mji mzima unajua hakushindwa. Alikuwa anapigapiga tumbo lake mbele ya wenzake wa kiwandani waliobaki kuzunguka na bahasha za kuomba kazi, anasema, "Hiki ndicho kiinua mgongo changu, nimekihamishia mbele." Mimi mwenyewe nilimwonea wivu. Mimi nilibaki mwembamba kama mpini.

Sasa kazi. Niliponunua mashine ya umeme ya kuzungusha damu, kisha ile ya kupima mafuta ndani ya damu, nilikuwa wa kwanza kati ya maabara za watu binafsi za upande wetu wa mji, na atakayebisha aje Bigwa tuongee. Mnajua ninyi, lakini nawaandikia na wasiojua: damu ukiizungusha inatengana. Nyekundu inakaa chini, juu yanabaki maji ya rangi ya chai nyepesi. Mtu aliyetoka kula mafuta, maji yale yanakuwa meupe kama tui la kwanza. Yaani unaiona nazi ya mtu imesimama ndani ya chupa. Zamani tulikuwa tunaona tui lile kwa nadra. Baada ya madumu ya njano kuenea kila jikoni, nilianza kuliona kila wiki, mpaka kwa watu waliokaa usiku kucha bila kula. Ndiyo faida nyingine ya soko huria. Hawakuiandika kwenye magazeti.

Rama nilimpima nikiwa namtania. Mafuta yalikuwa juu, na presha pia. Nikampeleka mlango wa pili, kwa Dokta Anitha, binti aliyekuwa amepanga chumba karibu na changu akafungua kliniki. Binti ana akili na hana maringo, kitu ambacho kwa wasomi nimekiona kwa shida. Alimwandikia vidonge vya presha na vya mafuta, vya kunywa kila siku. Rama akanywa. Alinung'unika, alilalamika kwamba mwanamume kumeza vidonge kila siku kama mama mjamzito ni aibu, lakini alikunywa, miaka kadhaa, na namba zake zikatulia.

Ndipo akaja Bwana Edgar.

Bwana Edgar alitoka Dar na suti ya bluu na viatu vyenye ncha. Alikodi ukumbi wa hoteli moja mjini akafanya semina ya afya, chai bure. Mimi nilialikwa kama mtu wa maabara, nikakaa mbele. Aliweka picha ukutani ya seli ya mwili, kubwa kama nyumba. Akasema ndani ya kila seli mna vijitanuri vinavyoitwa mitokondria, ndivyo vinavyochoma chakula kiwe nguvu. Akasema wazungu wamegundua kwamba tanuri hizo zenyewe zinatoa ujumbe, vipande vidogo vya protini vinavyoitwa peptaidi, vinavyouambia mwili choma mafuta, usiyaweke. Mtu mnene, akasema, tanuri zake zimenyamaza. Akanyanyua kichupa kidogo chenye unga mweupe chini. "Ujumbe wenyewe ni huu hapa. Unachanganya na maji, unajichoma tumboni, tanuri inawaka."

Rama alikuwa kiti cha nyuma yangu. Akaniinamia sikioni. "Umesikia, Mluguru? Mimi sina tatizo la kula. Tanuri yangu haikupewa salamu."

Nilimuuliza Dokta Anitha kesho yake, kwa sababu mimi nauliza. Asiyeuliza ndiye mjinga, hata awe na digrii. Akanieleza bila kunidharau. Tanuri zipo kweli, baba. Peptaidi zake nazo zipo kweli, hilo si uongo. Panya wa maabara waliolishwa mafuta mengi wakachomwa moja ya hizo peptaidi hawakunenepa kama wenzao, na hilo limeandikwa na watu wanaojua kazi. "Lakini panya si Baba Zuhura," akasema. "Kwa watu bado hatujui inafanya nini, wala kiasi gani, wala kwa muda gani. Na hata ingekuwa tunajua, nani amepima kilichomo ndani ya kile kichupa?" Nikasema mimi sina mashine ya kupima hilo. Akasema hata yeye hana.

Bwana Edgar alitaka ushahidi wa hapa hapa, watu waone namba. Akasema atawapima wateja wake mafuta ya damu kabla ya kuanza na baada ya miezi mitatu, na kipimo kifanyike kwangu, kwa kuwa jina langu linaaminika. Hapo hakukosea. Mara ya kwanza damu walizichukua wao wenyewe palepale ukumbini, Jumatatu asubuhi, muuguzi wake akaniletea zikiwa kwenye kisanduku cha barafu. Nikamuuliza, "Wamekula hawa?"

"Hapana, mzee. Tuliwatumia wote ujumbe. Wamefunga."

Nilizungusha. Chupa karibu nusu zilisimama tui. Namba zikaenda juu, ya Rama juu kuliko zote. Nikaandika majibu. Sikushangaa. Nilishasema mimi si mtu wa kushangazwa, na watu waliokuja kununua dawa ya unene ulitaka damu yao iweje?

Miezi mitatu ikapita. Mara ya pili Bwana Edgar akataka waje kwangu mlangoni wenyewe, washuhudie kwa macho. Basi wakapita kwenye utaratibu wangu. Kila mmoja nilimpigia simu mwenyewe jioni ya kabla: tangu umalize chakula cha jioni, kinywani kisiingie kitu ila maji. Damu zikaja safi, chai nyepesi. Namba za Rama zilikuwa zimeshuka, hazikufika hata nusu ya zile za kwanza. Palikuwa na vigelegele pale nje utafikiri harusi. Bwana Edgar akapiga picha akiwa amemkumbatia Rama, ingawa mkono wake haukufika upande wa pili. Vichupa vikauzika kama maandazi.

Mimi nilikuwa natazama mkanda wa Rama. Ulikuwa kwenye tundu lilelile. Uzito wake nilimpimia mimi mwenyewe, haukusogea. Nikajiuliza: tanuri iliyowaka kiasi hicho imechoma nini? Kuni zote bado zipo.

Baada ya siku chache nikavuka barabara kwenda mgahawani kwake, saa za asubuhi kabla wateja hawajajaa. Alikuwa anamenya viazi na Mama Zuhura.

"Hujafa tu?" nikasema.

"Nife na damu kama ya mtoto? Utangulie wewe."

"Vidonge vya Dokta Anitha unakunywa?"

"Vya nini tena? Nilivitupa siku ile ya majibu. Si umepima mwenyewe, kwa mkono wako huohuo wa kuchimbia magimbi?"

Nikavuta kiti. "Ile mara ya kwanza, ukumbini. Asubuhi ile ulikula nini?"

"Sikula. Nilifunga."

"Tangu saa ngapi?"

"Tangu alfajiri, kama wanavyofunga watu wanaomjua Mungu. Walisema mje mmefunga. Nikaona mbona Jumatatu, ni sunna, kipimo nipate na thawabu nipate. Nikala daku, nikanuia."

"Daku la nini?"

Alijibu Mama Zuhura, bila kuinua macho kwenye viazi. "Wali wa nazi uliobaki, na kuku wa kukaanga, na chai ya maziwa. Ni mimi niliyempashia."

Kumbe nilichokipima mara ya kwanza ni daku. Lililiwa muda wa saa tatu tu kabla ya sindano. Wengine kati yao bila shaka walikuwa wameacha nyama wakala chapati. Halafu mara ya pili walikuja tumbo tupu, na tofauti ya daku na tumbo tupu ikaitwa dawa. Na namba ile ya pili, iliyokuwa nzuri, ilikuwa kazi ya vidonge alivyomeza miaka yote, ambavyo ameshavitupa. Mzee Abdallah angekuwa hai angenirudisha kwenye karai la chupa.

Nikamweleza Rama, taratibu, kama nilivyowaeleza ninyi hapa. Akanisikiliza mpaka mwisho. Kisha akapiga kofi paja lake akacheka mpaka machozi.

"Mama Zuhura, umemsikia mtani? Kuku wako ndiye aliyeingia kwenye mashine! Kuku amepimwa, amekutwa mnene!"

"Rama, sitanii. Ukiacha vile vidonge presha itakupasua. Utakufa."

"Miaka yote hii unaniambia nitakufa. Leo ndiyo nianze kukuamini?"

Hapo ndipo nilipokwama. Mjue, katika kazi hii nimewapa watu majibu mabaya ya kila namna. Nimemwambia mwalimu, nimemwambia askari, nimemwambia padri. Kila mmoja alinielewa. Huyu mmoja niliyempenda kuliko wote nilikuwa sina neno la kumwambia, kwa kuwa kila neno la kifo tulishalichezea. Nikisema kwa sauti ya chini, anasema leo Mluguru anaigiza vizuri. Nikinuna, ananiiga. Nilimleta Dokta Anitha amwambie, Rama akamsalimia kwa heshima, akamsikiliza, alipoondoka akasema, "Mtani ana mbinu, amekodi mpaka daktari." Mama Zuhura alibaki katikati. Aliniuliza siku moja sokoni, "Shemeji, ile habari ya kuku ni kweli au ni yale yenu?" Nikamwambia ni kweli. Akasema, "Basi mwambie." Nikamwambia nimeshasema. Akanitazama, akaendelea kuchagua nyanya.

Nilimwendea Bwana Edgar pia alipokuja kuleta mzigo mpya. Alinisikiliza akiwa anapangusa kiatu. Akasema, "Mzee, soko ni huria. Mtu mzima anachagua mwenyewe." Hakuniita tena kupima.

Miezi ikasogea, nami nikaanza kuuza vifaa vyangu nipumzike, macho yamechoka na hadubini. Fedha ya ile mashine ya mafuta ilikuwa mfukoni. Nikapita mgahawani. Rama alikuwa amenunua maboksi matatu ya vichupa vya Bwana Edgar, ameyaweka kwenye friji ya soda, chupa za soda pembeni kama walinzi. Uso wake ulikuwa umevimba na macho mekundu. Alikuwa anajishika kisogo.

"Kichwa?" nikauliza.

"Jua tu."

"Ni presha."

"Ni utani wako unanichosha."

"Nifanye nini, Rama, ujue kwamba sitanii? Niambie wewe."

Nadhani alikuwa bado anatafuta la kunichekesha, na akalipata. "Mtani anachukua, hanunui. Tangu nikujue hujawahi kunilipa kitu. Nunua hayo maboksi yangu matatu, bei niliyonunulia mimi, shilingi laki sita na thelathini elfu. Ukilipa, nitajua hutanii."

Alisema akicheka. Mama Zuhura naye akacheka. Mimi nikatoa bahasha mfukoni nikaiweka juu ya meza, kati ya chupa za tomato na chumvi.

Kicheko kilikatika. Rama aliitazama bahasha kama mtu anayetazama nyoka ndani ya nyumba. Akaniambia, "Gaspari, rudisha." Nilikuwa sijawahi kumsikia akiniita kwa jina. Nikasema hapana. Nikatoa maboksi kwenye friji, nikabeba. Nilipofika mlangoni akaniuliza, na sauti ilikuwa ya mtu mwingine kabisa, "Kwa hiyo ni kweli?"

"Ni kweli."

Siku hiyohiyo alikwenda kwa Dokta Anitha, presha ikakutwa pabaya sana. Akaanza tena vidonge. Dokta alimwambia ukweli, kwamba mishipa iliyokaa miezi bila dawa haitulii kwa wiki. Alikunywa bila kulalamika. Na asubuhi nikipita nikisema, "Hujafa tu?" alikuwa anainuka kwenye kiti, ananipa mkono, anasema, "Habari za asubuhi, Bwana Gaspari. Karibu chai." Nikichukua kiazi kwenye sahani ananitafutia uma. Nilijaribu kumtukana upagazi wake. Alitabasamu kwa adabu. Wateja walimuuliza tumegombana nini. Aliwajibu, "Hatujagombana. Amenilipa." Watu wa utani wote wanaelewa maana yake: ukilipa, utani umekwisha.

Kiharusi kilimwangusha jikoni mwake kabla mwezi haujaisha. Alikaa hospitali siku chache, mdomo umekwenda upande, akawa hawezi kusema hata kama angekuwa na la kusema. Nilikaa pembeni ya kitanda. Nilimtafutia tusi moja zuri, nikalikosa. Akafariki.

Sijui kama vichupa vile vingemsaidia au vingemdhuru. Sijui hata vilikuwa na nini. Nilivimwaga chooni, unga wote, maana sikutaka mtu avione aulizie bei. Dokta Anitha anasema huenda siku moja wataijua vizuri hiyo peptaidi na itakuwa dawa ya kweli ya watu kama Rama. Inawezekana. Ninachowaachia ninyi ni kidogo: mgonjwa usimuulize kama amefunga, muulize amekula nini na saa ngapi, hata ukiletewa chupa yake na muuguzi aliyevaa saa ya dhahabu.

Kwenye mazishi, jeneza lilipotoka, Waluguru walijitokeza kama inavyowapasa watani. Jirani yangu mmoja alivaa aproni ya Rama ya kukaangia, akajilaza mbele ya njia, akapiga kelele kwamba mpagazi haendi popote mpaka amalize kumenya viazi. Ndugu zake waliotoka Tabora wakacheka huku wanalia, wakatoa hela kumkomboa maiti. Mmoja wao alinitazama mimi, akingoja niinuke. Nilibaki mkekani na majirani wa kawaida, wasio watani, na chombo cha rambirambi kilipopitishwa mbele ya watu wa kawaida kilipita na kwangu. Nikatia noti mbili za elfu kumi. Pamoja na zile za maboksi, mtani wangu amenigharimu shilingi laki sita na hamsini elfu.